Beki Mfupi wa Raundi ya Pili

Nimestaafu kusaka vipaji vya hoki ya barafuni, lakini ugomvi mmoja wa kikaoni haujaniisha moyoni.

Nilizaliwa Mombasa. Wazazi wakahamia Kanada ningali mdogo, nikajifunza kuteleza kwenye barafu Ontario, nikacheza bila kufika mbali, kisha nikapata kazi ya kukaa jukwaani na daftari nikiwapima vijana wa miaka 17.

Mzee aliyenifundisha kazi alinikataza kufuata kwa macho kisahani kinachochezewa. "Kile kina watazamaji tele," alisema. "Wewe mtazame beki wako." Nikamtii. Timu inapopoteza kisahani upande wa pili wa uwanja, beki wa kawaida hurudi nyuma kwa hofu, akamwachia mshambuliaji nafasi ya kushika kasi. Kijana ninayemsema alikuwa mfupi, mwembamba, na magoli yake ya kuhesabu. Lakini hatari ilipoanza kunukia kule mbali, yeye alishasogea mstari wa katikati. Mshambuliaji akija anamkuta yupo umbali wa gongo moja tu, anasukumwa ubaoni kabla hajavuka mstari wa bluu. Hapakuwa na kishindo wala makofi, na kipa wake hakuguswa.

Kikaoni niliomba klabu yetu imchukue raundi ya pili ya uteuzi wa chipukizi wa ligi kuu. Mkubwa wa kikao akauliza urefu wake, basi. Jina likashushwa mkiani. Klabu nyingine ikamchukua, akadumu ligi kuu. Pandikizi la mtu tulilochagua badala yake halikufika huko.

Mifano ya mabeki waliochelewa kuchaguliwa ipo. Nicklas Lidström alichaguliwa wa 53 mwaka 1989. Alitwaa tuzo ya Norris ya beki bora mara 7. Duncan Keith alikuwa wa 54 mwaka 2002, Adam Fox wa 66 mwaka 2016. Hata Lane Hutson, aliyetembea na barua ya daktari kwamba bado anakua, aliachwa hadi nafasi ya 62 mwaka 2022. Mwaka 2025 akabeba tuzo ya Calder ya chipukizi bora.

Nanyi vijana mnaopima mabeki kwa video mkiwa nyumbani, nawasihi: kamera hufuata kisahani. Beki anapoanza kusogea, picha iko upande wa pili. Inapomfikia, kazi ameshaimaliza. Kateni tiketi, mpande jukwaa la juu, mvae koti zito.