Tunapowafundisha Vijana Dini za Dunia, Tuanzie Wapi?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha kozi fupi ya utangulizi wa dini kuu za dunia kwa wanafunzi wa ualimu. Kozi hiyo haikusudii kuwafanya wacha Mungu, wala kuwatoa katika imani walizolelewa nazo. Lengo lake ni kwamba mwalimu atakayepangiwa kazi Pemba, Ngara au Hanang aweze kueleza kwa haki kile anachokiamini jirani yake. Umuhimu wa jambo hili hauhitaji hoja ndefu. Mwezi Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ubishi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja mnyama wa kitoweo ulifikia mahali mchungaji mmoja akauawa. Taifa ambalo watu wake wanakula meza moja bila kujua kwa nini mwenzao anakula hiki na kukiacha kile, linaishi kwa bahati.

Kwa muda mrefu nilidhani kazi hii naifanya vizuri. Nilichora jedwali ubaoni. Kushoto niliandika majina: Uyahudi, Ukristo, Uislamu, Uhindu, Ubudha. Juu niliandika vichwa vya safu: mwanzilishi, kitabu kitakatifu, nyumba ya ibada, imani za msingi. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakafaulu. Katika mstari wa Uhindu, chini ya mwanzilishi, niliweka kistari, kwa kuwa Uhindu hauna mtu mmoja aliyeuanzisha. Sikujiuliza kistari kile kilikuwa kinasema nini juu ya jedwali langu.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliyetoka upande wetu wa Dirma aliinua mkono.

“Mwalimu, naomba kuuliza. Bibi yangu nimwandike mstari upi? Hana mwanzilishi, hana kitabu, hana jengo. Lakini hajawahi kuianza siku bila kuomba.”

Darasa likacheka. Nami nikajibu kama nilivyojibiwa na walimu wangu: imani za jadi ni mada nyingine, na muhula huu hatutaifikia. Kijana akaketi. Niliendelea na somo hadi mwisho, lakini sikuwa tena darasani. Nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja ya mjini, mbali sana na nyumbani, nikiwa kijana wa kidato cha nne.

Siku hiyo nilimsindikiza babu yangu kutibiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani: bei, ng'ombe, chumvi, basi. Muuguzi alijaza fomu, nami nikawa mkalimani. Jina, umri, kijiji. Kisha akauliza, “Dini?” Sikumgeukia babu. Nilikuwa nimebatizwa shuleni, nimejifunza katekisimu, na nilijua kwamba neno dini lilikuwa na majibu mawili tu, kama vipindi vya dini shuleni vilivyokuwa na vyumba viwili. Nikajibu, “Hana.” Muuguzi akaandika.

Babu akaniuliza kwa Kiiraqw wameuliza nini. Nikamwambia wameuliza anamwomba nani. “Ukawaambia?” Nikamdanganya. Nikasema nimewaambia Looa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hatukulizungumza tena. Alifariki miaka michache baadaye, akiamini kwamba mjukuu wake alimshuhudia vyema mbele ya wageni.

Sasa nieleze nilichokifuta kwa neno lile moja. Wairaqw humtaja Looa kama mama. Huhusishwa na jua, na kwake hutoka mvua, uzao na wema. Kando yake wapo neetlangw, roho wa chemchemi na mito, ambao binadamu anapaswa kuishi nao kwa tahadhari. Ndiyo maana watoto wa kwetu hawakuchezea maji ovyo. Kifo, na misiba mingine ya aina hiyo, huacha unajisi unaoweza kuwafikia majirani, hivyo wenye msiba hujitenga kwa muda uliopangwa. Na ipo slufay, sala ndefu yenye mpangilio wa kishairi, ambayo mzee huitamka mbele ya watu nao humwitikia kwa sauti moja. Ndani yake huombewa nchi, mifugo, watoto, na amani na majirani. Babu yangu hakuwa msemaji mkuu wa slufay, lakini kila asubuhi alisimama mbele ya mlango, akaelekea jua linakochomoza, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Nimeyasikia maneno hayo utoto wangu wote. Nayo, kwa mujibu wangu, hayakuwa dini.

Upande wa pili wa Dirma ni vivyo hivyo kwa majirani zetu Wadatoga, hasa Wabarabaig. Wao humtaja Mungu kwa jina la Aseeta. Mzee mwenye heshima anapofariki, wanaweza kumfanyia bung'eda, yaani maziko makubwa ambamo kaburi hujengewa kichuguu kirefu cha udongo, na shughuli zake huendelea kwa miezi hadi ukoo wote utimize wajibu wake. Kaburi hilo hubaki kuwa mahali pa kuomba. Asiyejua akipita ataona rundo la udongo kwenye malisho.

Hapa ndipo suala la darasani linapokuwa suala la siasa. Nchi yetu ilichagua kwa busara kutojiegemeza kwenye dini yoyote. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa imani, na tangu sensa ya 1967 wananchi hawaulizwi dini zao katika kuhesabiwa. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku, dini inayotambulika ni ile yenye paa. Msikiti na kanisa huonekana na kila mpima ardhi. Nyanda za Hanang zilipochukuliwa kwa mashamba ya ngano ya Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, kwa msaada wa Kanada, kiasi cha ekari 100,000 za malisho hatimaye ziliingia katika mpango huo. Miongoni mwa malalamiko ya Wabarabaig yaliyoandikwa na kuchapishwa, limo hili: makaburi ya wazee wao yalilimwa kwa matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha ushindi huo. Kesi ilihusu ardhi, na sidai kwamba jedwali la mwalimu ndilo lililoendesha trekta. Ninachosema ni kwamba dereva, mpima na ofisa wa mpango walipita shuleni, na shuleni walifundishwa, kama mimi, kwamba watu wa aina ile hawana dini. Aliyeamini hivyo hakuwa na sababu ya kusimamisha trekta mbele ya rundo la udongo.

Baada ya swali la kijana yule nililifuta jedwali. Sikuongeza mstari wa sita, kwa maana imani ya bibi yake ingejaa vistari kuanzia kushoto hadi kulia, na kistari machoni pa mwanafunzi ni upungufu. Badala yake naanza na maswali matatu ambayo yanaweza kuulizwa kwa mtu yeyote: Unamtegemea nani, au nini? Unaona ni kitu gani kimeharibika katika maisha ya binadamu? Na kinatengenezwaje?

Mwislamu atasema tegemeo ni Mungu mmoja asiye na mshirika. Binadamu ni msahaulifu na huiacha njia, naye hurejezwa kwa uongofu wa Kurani, kwa toba, na kwa sala tano zinazomkumbusha kila siku. Mkristo atasema kilichoharibika ni uhusiano na Mungu kwa sababu ya dhambi, na kwamba umetengenezwa kwa kufa na kufufuka kwa Kristo. Myahudi atazungumzia agano, na uaminifu kwa Sheria. Wahindu wengi watazungumzia mzunguko wa kuzaliwa na kufa unaoongozwa na matendo, na namna ya kuwekwa huru kutoka humo. Mfuasi wa Budha ataanza na mateso, aonyeshe kwamba chanzo chake ni tamaa, kisha aieleze njia yenye sehemu nane. Na bibi wa Dirma atasema tegemeo ni Looa, kinachoharibika ni amani kati ya watu, nchi na vilivyomo, nayo hutengenezwa kwa kujitenga, kutakaswa na kuomba kwa pamoja. Katika maswali haya hakuna anayebaki na kistari.

Sijaona mageuzi haya yakipokewa bila upinzani, na ni vizuri. Binti mmoja wa mchungaji aliniuliza, “Mwalimu, unataka turudi kwenye matambiko?” Nilimjibu kwamba mimi ni Mkatoliki, Jumapili atanikuta kanisani, na kwamba kumweleza mtu kwa ukweli si kumfuata. Mwanafunzi mwingine, kijana wa Kiislamu, aliuliza kinyume chake: “Kwa hiyo dini zote ni sawa?” Hapana, nilimwambia. Wakristo wanakiri kwamba Yesu alikufa msalabani. Kurani inakanusha kwamba Isa aliuawa kwa kusulubiwa. Mafundisho ya Budha hayaegemei Mungu Muumba. Tofauti hizi ni za kweli, na mwalimu anayezilainisha ili darasa litulie anawadharau waumini wa pande zote. Kipimo changu ni hiki: mwenye imani akisikia nilivyomweleza, aseme, “Ndiyo, huyo ni mimi.”

Kipimo hicho kinanikamata hata mimi. John Mbiti, aliyefundisha Makerere na kuchapisha kitabu chake kikuu juu ya dini za Kiafrika mwaka 1969, alitupa ujasiri wa kusema kwamba Mwafrika alikuwa na dini kabla ya wamisionari. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek akawaonya wasomi kwamba wanawavika miungu ya Afrika mavazi ya kuazima ili iheshimiwe ugenini. Nami naona wote wawili wana haki. Nikisema Looa ni Mungu yuleyule wa katekisimu yangu kwa jina la Kiiraqw, nimempendezesha babu machoni pa wengine, lakini sijamweleza. Pia sipaswi kumpamba. Katika ulimwengu wake ilikuwamo hofu, na walikuwamo watu waliotengwa muda mrefu kwa unajisi ambao hawakuwa na kosa nao. Hayo nayo husemwa darasani, kama tunavyosema ya dini nyingine zote.

Siku hizi juma la kwanza la kozi lina kazi moja tu: kila mwanafunzi amwombe mzee wa kwao amweleze anaomba nini, na kwa maneno gani, kisha aandike alichoelezwa bila kukirekebisha. Wengi huleta sala za kanisani na dua za msikitini. Wachache huleta maneno ambayo hawakuwahi kuyasikia yakitafsiriwa. Kijana wa Dirma alikwisha kuhitimu kabla sijaanzisha kazi hiyo, na jibu lake la haki ninamdai bado. Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwalimu, ijaribu kazi hii kabla hujachora jedwali.

Fomu ile ya hospitali sikuirudia kamwe. Kama jalada lake lipo bado, mbele ya jina la babu yangu pameandikwa, kwa ushahidi wangu mwenyewe, kwamba hana dini.