Benzi la mkononi: Kabla ya rimu, anza na watoto wanaopanda

Gari la kifahari lililotumika lina bei mbili. Ya kwanza ni ile anayoitaja muuzaji, na mnunuzi anaweza kuipunguza kwa maneno mazuri. Ya pili haitajwi siku ya kukabidhiana funguo, wala haipungui kwa kubembeleza. Hiyo ni bei ya kulitunza.

Benzi la mwaka 2009 likishapita mikono miwili mitatu hushuka bei hadi mzazi mwenye mshahara wa kawaida akaona linamfaa. Tatizo ni kwamba spea zake hazishuki pamoja nalo. Shokapu, sensa na gia boksi zilitengenezwa kwa ajili ya gari lililokuwa ghali lilipotoka kiwandani, na dukani bado zinauzwa kwa hadhi hiyo hiyo.

Familia moja ya Vingunguti ililijua hilo kupitia ada ya shule. Baba, mhasibu katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, alinunua Mercedes-Benz C200 ya rangi ya fedha mwezi Agosti. Lilikuwa gari lake la kwanza. Mwezi wa kwanza alibadilisha rimu, akaweka vioo vya giza na redio yenye skrini kubwa. Watoto watatu wakaacha kugombania daladala asubuhi, na jirani mwenye shughuli hakukosa kuja kuomba lift.

Mwishoni mwa Novemba, kwenye foleni ya Buguruni, mshale wa joto ulipanda. Fundi wa jirani alifungua boneti, akang'oa themostati, akajaza maji ya bomba na kusema gari limepona. Pampu ya maji iliyokuwa inavuja hakuigusa. Wiki chache baadaye gasketi ya silinda hedi iliungua, na fedha za kufungua injini zikatoka kwenye bahasha ya ada ya Januari.

"Mume wangu, gari limeshalipiwa ada. Bado watoto," mkewe alimwambia jioni ile.

Lakini swali lililomnyima usingizi baba huyo halikuhusu injini. Fundi mzee wa Gerezani aliyelipokea gari aliinama kwenye tairi la nyuma, akafuta vumbi kwa kidole na kumuuliza: "Kijana wangu, unajua haya matairi ni ya mwaka gani?" Yalikuwa ya 2012. Kwa matairi hayo, familia nzima ilikuwa imekwenda msibani Morogoro na kurudi usiku.

Vinavyobeba uhai vitangulie

Mmiliki mpya huanza na vinavyoonekana, yaani rimu, rangi na redio. Mwenye watoto anatakiwa kuugeuza mpangilio huo. Shirika la Afya Duniani linasema majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye matairi, breki, mikanda na mifuko ya hewa.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni mwake. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. Ukiona 3112, tairi limetengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2012. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanashauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na watengenezaji wengi wa matairi hawataki livuke 10 hata kama kashata bado zinaonekana nzima. Mpira huzeeka kwa jua na joto, na jua la Dar es Salaam halina likizo. Tairi la mtumba linaloonekana jipya linaweza kuwa limekaa ghalani miaka mingi kabla ya kupanda meli. Usiinunue kashata, nunua tarehe.

Breki zina mambo mawili. Pedi na diski fundi anaweza kukuonyesha kwa macho. Mafuta ya breki ndiyo husahaulika. Yana tabia ya kufyonza unyevu kutoka hewani, na yakishakuwa na maji huchemka mapema breki zinapopata moto, mfano kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo. Hapo unakanyaga pedeli na inazama hadi chini. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na kama huna kumbukumbu ya aliyekuuzia, yabadilishe sasa.

Mikanda ijaribiwe yote, ya nyuma pia. Ivute kwa nguvu na ghafla. Ikikataa kwenda ndiyo inafanya kazi. Magari mengi ya mkononi yana vishikio vya mikanda ya nyuma vilivyozama chini ya viti kwa sababu hakuna aliyewahi kuvitumia. Vitoe, visafishe, na watoto wazoee kuvitumia hata safari ikiwa ya kutoka Vingunguti hadi Tabata.

Taa ndogo ya mfuko wa hewa

Unapowasha funguo kabla ya kupiga stata, taa yenye alama ya mtu na mpira mbele yake, au maandishi SRS, inapaswa kuwaka sekunde chache kisha kuzimika. Ikibaki imewaka, mfumo wa mifuko ya hewa, ambayo mafundi huiita eabegi, una hitilafu. Isipowaka kabisa, shuku zaidi, maana huenda kuna mtu aliyeizima makusudi ili gari liuzike. Magari yaliyowahi kugongwa na kunyooshwa mara nyingine hurudishiwa kifuniko cha usukani bila mfuko ndani.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye gari la miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010 anapaswa kulijua. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifaa vya kujaza mifuko ya hewa kwa ajili ya chapa nyingi, zikiwamo Toyota, Honda, Nissan, BMW na Mercedes-Benz. Baadhi ya vifaa hivyo vilipasuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa waliokuwa ndani, na watu wamekufa katika nchi mbalimbali. Magari ya mamilioni ya watu yakaitwa ili yabadilishiwe vifaa hivyo, na mwaka 2017 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Kwa mkazi wa pwani, sababu ya hitilafu ndiyo ya kutiliwa maanani. Kemikali iliyotumika, amonia naitreti, huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, hali ambayo Dar es Salaam inayo mwaka mzima. Chukua namba ya chasisi kwenye kadi ya gari, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji au mpelekee wakala wa chapa hiyo, na uulize kama gari lako limo kwenye orodha na kama lilisharekebishwa. Pale palipo na mwito wa mtengenezaji, gharama ni zake, hivyo uliza kabla ya kutoa hata shilingi.

Mfuko mzima nao unadai adabu. Hufumuka kwa kasi kubwa kuliko kupepesa jicho. Mtoto aliyepakatwa na mama kiti cha mbele anakuwa kati ya mfuko huo na kifua cha mama, na hakuna mikono inayoweza kumshika. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele wakati mfuko wa abiria unafanya kazi. Watoto wakae nyuma. C-Class nyingi za miaka hiyo zina vishikio vya chuma vya kufungia kiti cha mtoto, vimejificha kwenye maungio ya kiti cha nyuma na mgongo wake. Mtengenezaji alishaviweka, kinachobaki ni mzazi kununua kiti.

Na funguo zisiachwe mikononi mwa watoto. Gari lililofungwa vioo juani hupanda joto kwa takribani nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Vioo vya giza haviondoi hatari hiyo. Kabla ya kufunga gari, geuka utazame kiti cha nyuma.

Injini ya Ulaya kwenye foleni ya Nyerere

Baada ya hapo ndipo injini ipate zamu yake. Kompyuta ya gari inaweza kukuambia oili ibadilishwe baada ya kilomita 15,000, lakini hesabu hiyo inafaa zaidi kwa gari linalotembea barabara kuu. Gari linalotumia saa nzima kutoka Tazara hadi mjini injini yake huzunguka huku kilomita zikisimama. Kwa matumizi hayo, kilomita 5,000 hadi 7,000 ni busara zaidi.

Oili isinunuliwe kwa jina la kopo tu. Injini ya petroli ya Mercedes ya miaka hiyo inataka oili iliyopitishwa na kiwanda, na nyuma ya kopo utakuta namba kama 229.5. Injini ya M271, iliyofungwa kwenye C180 na C200 nyingi, inajulikana kwa cheni ya taimingi inayolegea ikikosa oili nzuri. Ukiwasha asubuhi ukasikia mlio wa njuga kwa sekunde chache, usiongeze sauti ya redio. Nenda kwa fundi wiki hiyo hiyo, kwa sababu cheni ikiruka, valvu na pistoni hukutana.

Themostati haing'olewi. Wanaoitoa husema Dar es Salaam kuna joto, haina kazi. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto sahihi, na bila hiyo kompyuta hupotezwa, mafuta huliwa zaidi, na tatizo la kweli hubaki limefichwa. Maji ya bomba nayo huacha chumvi na kutu ndani ya rejeta. Tumia kulanti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na kofia ya rejeta isifunguliwe injini ikiwa ya moto, wala mtoto asisimame karibu, kwa sababu mvuke wake huunguza uso kama maji ya sufuria.

Oili ya gia boksi ndiyo yenye uongo mkubwa. Utaambiwa ni ya maisha. Kwa gari lenye miaka zaidi ya 10, maisha hayo yanaweza kuwa yameshapita. Ibadilishwe pamoja na chujio lake, kwa aina iliyoandikwa na kiwanda.

Wakazi wa Vingunguti wana mtihani wa ziada, nao ni mvua. Mto Msimbazi uko jirani, na mvua za masika zikikolea baadhi ya njia hugeuka bwawa. Gari la chini linaweza kuvuta maji kupitia kwenye chujio la hewa, na maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikiyakuta, mkono wake hupinda. Gari likizimika majini, usipige stata tena. Lisukumwe, kisha fundi atoe plagi kwanza aone kama kuna maji.

Fundi, daftari na bahasha

Fundi mzuri hupima kwa mashine kabla ya kubadilisha kifaa, hukuonyesha alichokikuta, na hukurudishia spea ya zamani mkononi. Anayefuta taa ya injini kwenye dashibodi bila kueleza iliwaka kwa nini amekuuzia ukimya tu. Kila kazi iandikwe kwenye daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na bei. Daftari hilo litakusaidia siku ya kuuza kuliko rimu.

Kabla ya kulipa, hakikisha jina kwenye kadi linabadilishwa TRA, angalia madeni ya faini kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na thibitisha bima kwenye mfumo wa TIRA. Kuangalia madeni na bima ni mambo ya dakika chache kwenye simu.

Kisha kaeni mezani, baba na mama. Gari la kifahari linahitaji bahasha yake kila mwezi, hata mwezi ambao halijaharibika, na bahasha hiyo isiitwe akiba ya nyumbani. Ada, bima ya afya na chakula vikishatengwa, kiasi kinachobaki ndicho kinachosema kama gari hilo ni saizi yenu.

Familia ya Vingunguti ililipa ada kwa awamu baada ya mama kuzungumza na mwalimu mkuu. Matairi manne yalinunuliwa kabla gari halijarudi barabarani, na rimu zikauzwa kuchangia.

Kama hesabu haifungi mezani kwenu, uzeni gari lingali linatembea, na mweleze mnunuzi kasoro zake, maana naye ana watoto. Toyota ndogo yenye matairi mapya, breki nzima na mkanda kwa kila mtoto itawafikisha shuleni salama, na Januari haitawatisha.