MUULIZE KIJIDUDU KWANZA

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nami naongeza: vidonge viwili havivunji ugonjwa.

Hapa kwetu Lamu mtu akikatwa na chaza au akiharisha, hukimbilia dukani. "Nipe mbili za rangi mbili," asema, naye muuzaji ampa. Ami yangu, mvuvi wa Siyu, alifanya hivyo mara tatu. Kidonda cha mguuni kikakauka juu, kikaoza ndani. Mguu ulivimba hata akashindwa kupanda dau, na sisi nyumbani tukaanza kuogopa kuwa utakatwa.

"Dawa n'memeza zote, mbona hakipoi?" alinung'unika.

Daktari hakumwongeza vidonge papo hapo. Alichukua usaha kwa kijiti chenye pamba, ukapelekwa maabara. Nilimwuliza mpimaji wanafanyaje, naye, Mungu ambariki, akanieleza.

Usaha hupakwa kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu. Chakula hicho hugandishwa kwa agari, kitu kinachotokana na mwani. Naam, mwani wa baharini! Vijidudu vikishaota, huchukuliwa vichache na kupakwa kwenye kisahani kipya. Juu yake huwekwa viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kisahani hulazwa usiku kucha katika joto la nyuzi 35 hivi.

Asubuhi mambo hadharani. Dawa inayovishinda vijidudu huzungukwa na duara safi; isiyofaa, vijidudu huota mpaka ukingoni mwa karatasi. Duara hupimwa kwa milimita, kisha hulinganishwa na jedwali, maana kila dawa ina kipimo chake. Bauer, Kirby na wenzao waliieleza njia hii huko Marekani mwaka 1966, na mpaka leo yatumika.

Dawa ile ya dukani haikupata duara hata kidogo. Nyingine ilipata duara pana. Ami akapewa hiyo, akaimaliza dozi, na sasa yuko baharini.

Haya si ya ami peke yake. Kipindupindu kilipozuka Tanzania mwaka 1977, mwanzoni tetrasaikilini ilivishinda vijidudu vyake. Ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa wazima ili kuwakinga. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa haviisikii tena. Dawa ikitumiwa ovyo, huua vijidudu dhaifu na kuviacha vyenye nguvu vizaane. Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini, alionya kuhusu dozi haba mwaka 1945.

Basi wenzangu, likizo ikifika tuwaambie wazee wetu, kwa adabu, kwamba rangi ya kidonge haionyeshi nguvu yake. Kidonda kikikataa kupona, tusiongeze vidonge vya kubahatisha, tuombe kipimwe. Na dozi tukiandikiwa, tuimalize. Mguu ukikatwa hauoti tena.