Kuiandika Tumbe katika kamusi elezo

Wikipedia ya Kiswahili ilipoanza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, kila makala iliyoongezwa ilionekana ushindi. Lugha yenye mamilioni ya wasemaji ilikuwa haina kamusi elezo iliyo wazi kwa kila msomaji na kila mwandishi, na watu kama Ndesanjo Macha, aliyekwisha kujulikana kwa kuandika Kiswahili mtandaoni, waliwahimiza wenzao waingie waandike. Zama zile kujifunza kuchangia kulikuwa na maana nyepesi: kufungua akaunti, kubonyeza "Hariri", kuzoea mabano yanayounda viungo, kuiweka makala katika jamii yake, na kuacha chini ile taarifa kwamba makala bado ni mbegu na yeyote aweza kuiendeleza. Nikiyakumbuka yote yaliyopita tangu hapo, naona mbinu zimekuwa rahisi na kazi imekuwa nzito. Uzito huo ni wa kudaiwa ushahidi wa kila unachoandika. Wengi hulalamika kwamba dai hilo linavifungia mlango vijiji kama Tumbe, huku kaskazini-mashariki mwa Pemba. Mimi nashikilia kinyume: dai hilo ndilo lililoipa Tumbe nafasi ya kuandikwa kwa haki.

Zama za hesabu zina alama zake hadi leo. Kurasa nyingi za kata na shehia za Tanzania ziliandikwa kwa muhuri mmoja: kata fulani, wilaya fulani, mkoa fulani, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, basi. Msomaji wa ukurasa wa namna hiyo hujua Tumbe iko Wilaya ya Micheweni, asijue watu wake wanaishi kwa nini. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zawadi zikiwemo kompyuta, nalo likafungwa mwanzoni mwa 2010. Makala ziliongezeka haraka, nyingine zikiwa tafsiri za mashine zisizosomeka, na washindani wengi hawakuonekana tena baada ya zawadi kugawiwa. Wakabidhi, yaani wasimamizi, wachache wa kujitolea ndio waliobaki kusafisha. Wakati huo Pemba bado iliendeshwa na umeme wa jenereta. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uliwashwa katikati ya 2010, miezi kadhaa baada ya shindano kwisha. Simu janja zilipoenea baadaye, kijana wa kijiji cha wavuvi aliweza kuhariri makala kwa bando la siku moja, lakini mafunzo aliyoyakuta yalikuwa bado ya kuhesabu kurasa.

Wapo wanaoitetea hesabu, na hoja yao si ya kudharauliwa. Wanasema mbegu ni bora kuliko kiwanja kitupu, kwamba ukurasa wa sentensi mbili humwalika mwenyeji aukuze, na kwamba lugha yenye makala chache haiheshimiwi na kampuni wala serikali. Kwa sehemu ni kweli. Wikipedia ya Kiswahili leo ina makala zaidi ya 80,000, na wingi huo umeipatia sauti. Lakini tazama Kisebuano cha Ufilipino, chenye makala zaidi ya milioni sita ambazo karibu zote zilizalishwa na programu moja ya kompyuta. Wingi ule haukuzaa jumuiya ya waandishi. Huko Greenland mambo yalifika mbali zaidi: tafsiri mbovu za mashine ziliijaza Wikipedia ya lugha yao hata msimamizi wake mwenyewe akaomba ifungwe, na mwaka 2025 ikaamuliwa hivyo. Hatari hiyo imezidi sasa, kwa kuwa mifumo ya akili mnemba hufunzwa kwa maandishi hayo hayo. Kosa likiandikwa juu ya Pemba leo, kesho mashine italirudisha kwa mtoto wa Pemba kama jibu la uhakika.

Basi itazame Tumbe kwa jicho la mhariri anayedaiwa chanzo. Mwaka 2013 wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichapisha katika jarida la Antiquity matokeo ya uchimbaji wao hapa. Wameonyesha kwamba kati ya takriban mwaka 600 na 950 palikuwa na makazi makubwa, ya nyumba za miti na udongo, yenye vyombo vya kigeni vilivyokuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na vigae vyenye mifereji ya kusugulia shanga vilivyopatikana kwa wingi usio wa kawaida. Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua zikabaki ardhini, akakuta kwamba wakazi wale walitegemea mawele, na kwamba mpunga ulishika nafasi baadaye, huko Chwaka jirani, mji wa misikiti ya mawe uliokuja kusitawi baada ya Tumbe ile ya kale kuhamwa. Sentensi moja tu yenye tanbihi, kwamba watu wa hapa walikuwa wakitengeneza shanga na kununua vyombo vya ng'ambo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, inaupa ukurasa wa Tumbe uzito ambao kurasa mia za muhuri haziwezi kuupa. Mchangiaji hakuchimba ardhi. Alichofanya ni kusoma kwa makini, kueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kumwachia msomaji njia ya kwenda kuhakiki mwenyewe.

Hapo ndipo pingamizi la pili linapoibuka, tena lina uchungu ndani yake. Vyanzo vilivyochapishwa vimeandikwa na nani? Mwaka 1920 Francis Pearce, Balozi Mkazi wa Uingereza, alichapisha kitabu kikubwa juu ya Zanzibar, akayaeleza magofu ya Pemba kama kazi ya wahamiaji waliotoka Asia. Kwa miongo mingi kitabu hicho kilikuwa "chanzo", na mzee wa Tumbe hakuwa chanzo. Aliyesoma sheria za Wikipedia juu juu angeweza kumnukuu Pearce na kulala usingizi. Ila sheria hizo hazisemi kwamba kilichopigwa chapa ni ukweli; zinamtaka mhariri apime umri wa chanzo, njia yake na msimamo wa mwandishi wake. Pearce anafaa kunukuliwa kama ushahidi wa jinsi mtawala wa wakati wake alivyofikiri. Juu ya nani alijenga na kuishi hapa, kazi ya uchimbaji inamtangulia, kwa sababu imetoka kwenye vigae na mbegu na si kwenye dhana ya mtu kuhusu nani awezaye kujenga. Kudaiwa ushahidi ndiko kunakompa mhariri silaha ya kumshinda Pearce kwenye ukurasa wa majadiliano. Kwa hasira peke yake, hariri yake ingerudishwa nyuma siku hiyo hiyo.

Linabaki suala la masimulizi, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mapokeo husema Chwaka ilitawaliwa na Harun, wa ukoo wa Mkame Ndume, mtawala wa Pujini. Hilo lina mahali pake katika makala, mradi liandikwe kama mapokeo, na kitajwe kitabu kilichoyanakili. Lakini habari za dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, mpangilio wa mnada wa samaki, au namna manahodha wanavyozisoma pepo za kaskazi na kusi, sehemu kubwa haijachapishwa popote. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi uliofadhiliwa na shirika la Wikimedia, akarekodi masimulizi ya watu nchini India na Afrika Kusini ili rekodi zenyewe zitumike kama marejeo. Ulizua mabishano makali na haukuigeuza sheria. Nadhani waliokataa walikuwa na sababu: rekodi moja isiyopimwa na mtu mwingine haitofautishi kumbukumbu ya kijiji na maoni ya msemaji mmoja. Ila walioishia hapo waliikata njia mapema. Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA) lilipochapisha kamusi ya lahaja ya Kipemba, maneno yaliyokuwa midomoni tu yaligeuka chanzo ambacho mhariri yeyote aweza kukitaja. Tasnifu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) juu ya dago ingefanya vivyo hivyo, na makala yenye majina na tarehe katika Zanzibar Leo pia, na mahojiano yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Zanzibar yangempa mtafiti wa kuandika hayo pa kuanzia. Kwa hiyo mafunzo ya uhariri yatakayoandaliwa hapa yasiishie kwenye vitufe na mabano. Yawaketishe pamoja vijana wenye simu, walimu, manahodha na watu wa Idara ya Mambo ya Kale, na jambo la kwanza kuulizwa liwe ni lipi kati ya wanayoyajua halijaandikwa, na nani ataliandika mahali ambapo wengine wanaweza kulisoma na kulipinga.