Kitako cha Gorogoro

Msomaji, wazee wa pwani walipima nafaka kwa pishi na kibaba. Sisi wa bara tuna gorogoro. Gorogoro ni kopo la bati lililofika dukani likiwa na kilo 2 za mafuta ya kupikia. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Lilipandishwa cheo likawa kipimo. Katika masoko ya Embu na Meru kopo hili huamua mashauri ya mahindi, maharagwe, kunde, mtama na ndengu, na hukumu yake haina rufani. Hakimu mwenye madaraka makubwa namna hii hakosi watu wa kumhonga.

Hongo yenyewe ni pigo la jiwe. Mwenye kuuza hugonga kitako cha kopo toka nje mpaka kibonyee ndani, ili kopo lishike kidogo kuliko linavyoonekana. Mwenye kununua kwa mkulima hugonga toka ndani mpaka kitako kitokeze kama kitumbo cha mtoto, ili kopo limeze zaidi. Tena akiuza, hupitisha kijiti juu ya mdomo wa kopo, nafaka iwe sawasawa na ukingo. Akinunua, hutaka kopo livikwe kilemba mpaka punje zimwagike chini. Mambo haya hufanywa mchana kweupe, na mikono ambayo dakika chache baadaye hupeana salamu kwa adabu zote.

Nimeyatazama mara nyingi huko Kiambere, na huko ndiko nitakako kukupeleka. Kiambere ni sehemu ya Mbeere ya chini, katika kaunti ya Embu, kandokando ya mto Tana. Ng'ambo ya mto ni Kitui. Jua lake ni kali, na mvua zake, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, ni wageni wasioshika ahadi. Hapo mto umezibwa kwa bwawa kubwa ambalo mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1988. Ni la mwisho katika mfuatano wa mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere lenyewe. Bwawani, wahandisi husoma kimo cha maji kwa vipimo visivyokubali mzaha, na umeme utokao huhesabiwa kwa mita. Ukiacha bwawa ukaenda sokoni, utaona jasho la msimu mzima likipimwa kwa kopo.

Zao liwapalo watu wa huku fedha ni ndengu. Ndengu hustahimili nchi kame na hukomaa upesi, kwa kadiri ya miezi miwili hadi mitatu. Zilizopandwa kwa mvua za mwisho wa mwaka huvunwa mwaka mpya unapoanza. Lakini angalia ukatili wa ratiba hiyo. Mashamba yote huvunwa wakati mmoja, basi bei huanguka. Shule hufunguliwa Januari, na karo haingoji. Tena ndengu zikiwekwa ghalani bila dawa wala magunia yasiyopitisha hewa, fukusi huzitoboa moja moja mpaka ghala likabaki na vumbi. Mkulima basi ana maadui watatu, na mnunuzi aliyekuja na lori anawafahamu wote watatu.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mnunuzi anajua shida ya mwenzake. Ujuzi huo si dhambi. Kazi ya mfanyabiashara ni kujua nani ana nini na nani amekosa nini. Pa kuangalia ni mahali ujuzi huo unapokaa moyoni mwake. Kuna moyo ambamo hukaa kama mtego uliotegwa, na kuna moyo ambamo hukaa kama mpaka usiovukwa.

Nilimsikiliza siku moja kijana mnunuzi akisemezana na bibi mmoja aliyeleta ndengu zake juu ya punda.

“Mama, ongeza, kopo halijajaa.”

“Mwanangu, limejaa. Wataka lijae mara ngapi?”

“Soko ndivyo lilivyo, mama.”

Bibi akaongeza. Mimi nilibaki na neno lile: soko ndivyo lilivyo. Soko halina mkono. Soko halikuchukua jiwe likagonga kitako. Kijana yule aliufanya wizi wa mkono wake kuwa tabia ya nchi, kama jua na ukame, ili asiulizwe. Na lililonikera zaidi, nakiri, ni lile jina “mama”. Lilitoka kinywani mwake kwa heshima kamili, wala hakuona kuwa kinywa na mkono vilikuwa vimekwisha kutengana.

Katika soko lilo hilo alikuwako mwanamke wa makamo aliyenunua ndengu kwa mizani ya kuning'iniza. Aliifunga katika tawi la mti, na kabla ya kupima aliugeuza uso wa mizani umwelekee mwenye mali. Usidhani alikuwa mpole. Katika bei alikuwa mgumu kama mzizi wa mukau. Aliwapa watu hesabu ya nauli, ya magunia na ya ushuru, akakataa kupanda hata kwa shilingi mbili. Wengine walimwacha wakaondoka kwa hasira. Lakini bei ni vita ya wazi, kila mtu ameshika ngao yake. Kipimo ni mahali ambapo mmoja amemwachia mwenzake macho yake. Nilimwuliza kwa nini anajitaabisha na mizani wakati makopo yapo. Alinijibu bila kuinua kichwa, “Watu hawa nitakutana nao matangani.”

Wapo walimu wasemao kuwa uaminifu ndio njia ya utajiri. Mimi siwezi kukuambia hivyo, maana kijana yule alikuwa na lori na mwanamke yule alipanda matatu. Pengine angepata zaidi kama angalikuwa na kopo lenye tumbo. Jambo nililoliona ni kwamba hakuwa akiuliza swali hilo. Alikwisha kulijibu zamani, naye alikuja sokoni kama mtu aliyekwisha kuvaa nguo.

Utaniambia kuwa kazi hii ni ya serikali. Kweli, Kenya ina sheria ya mizani na vipimo, na wakaguzi wenye mihuri. Mwaka 2019 zilitolewa hata kanuni za viazi, zikaamuru gunia lisizidi kilo 50, ili kukomesha lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba cha nyavu juu yake. Kanuni zikawapo, na lumbesa zikaendelea kupita barabarani. Hata pale sheria inapofika, huona mdomo wa gunia. Ndani ya gunia hufika mkono wa mwenyewe tu.

Mwaka 2004 jambo hilo lilidhihirika kwa msiba. Katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na kuvu liotalo katika nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, na moto wa jikoni hauiondoi. Watafiti walipochukua mahindi na unga masokoni, sampuli 350, waliona kuwa asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na sitawahukumu wauzaji wa mwaka ule. Wengi walikula mahindi yale yale waliyoyauza. Lakini tangu siku zile habari hii imetangazwa sana. Muuzaji wa leo anayefungua gunia akasikia harufu ya kuvu anajua alichokishika. Aweza kulitupa, na hasara ni yake. Aweza pia kuyaanika, kuyapepeta na kuyachanganya na mahindi mema, robo kwa robo tatu, na hakuna mkaguzi ghalani mwake usiku ule.

Uamuzi wa usiku ule haukuanza usiku ule. Mtoto hutumwa dukani, akarudi na chenji iliyozidi. Nyumba moja humwambia, “Rudisha, mwenye duka atapungukiwa.” Nyumba nyingine hucheka na kusema, “Leo umebahatika.” Hakuna anayedhani kuwa amefundisha biashara, na sufuria hurudi motoni.

Vijana wameniuliza juu ya mjane mwenye meza moja ya nafaka, anayebonyeza kopo ili watoto wake wapate chakula cha jioni. Je, naye tumweke pamoja na mwenye lori? Swali hili ni zito, na umaskini wake siudharau. Lakini tazama ni nani anunuaye kwake. Mwenye nyumba ya mawe hununua gunia zima, tena lililopimwa kwa mizani. Anunuaye gorogoro moja ni yule aliyepata kibarua leo na hajui kesho. Mara nyingi huyo naye ni mjane, na kiganja cha ndengu kilichobaki chini ya kitako kilichobonyea kimetoka katika chungu chake. Watoto wa nyumba hizo mbili aghalabu huketi dawati moja.