Kumbe Kostiki Inahesabu Vichwa

Shuleni nilifaulu maswali ya moli bila kuyaelewa. Kemia tulifundishwa kwa Kiingereza, nami kanuni zake nilizikariri kama namba ya simu. Miaka ikapita, nikaanza kupika sabuni za miche kwa mafuta ya nazi hapa Tanga: kila kilo 1 ya mafuta, gramu 183 za kostiki. Kipimo hicho nilipewa na aliyenifundisha kazi. Sikuuliza kimetoka wapi.

Nazi ilipopanda bei nikahamia mawese. Mafuta ni mafuta, nikajiambia, na kostiki nikaiacha palepale. Baada ya muda jirani akanirudishia mche wake, viganja vimembabuka. Hakugomba. Aliuweka tu mezani akaondoka, afadhali angenitukana.

Aliyenizindua ni binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu. "Shangazi, wewe unapima uzito, mwenzio kostiki anahesabu vichwa." Akanipa mfano wa sokoni: kilo ya dagaa na kilo ya changu, mizani inasoma sawa, lakini vichwa je? Molekuli za mafuta ya nazi ndizo dagaa: ni ndogo, na tukihesabu vichwa kwa moli, kilo 1 inabeba kama moli 1.525. Za mawese ni kubwa zaidi, kilo inabeba kama 1.175 tu. Kila molekuli ya mafuta ina mikia mitatu, na kila mkia unahitaji kostiki mmoja. Uwiano ni 1 kwa 3.

Moli 1 ya kostiki ni gramu 40. Tulianza na nazi: 1.525 mara 3, mara 40. Ikatoka 183! Nilicheka peke yangu, maana namba ile nimeipima mwaka baada ya mwaka nikidhani ni siri ya fundi. Mawese yakatoa 141. Basi katika kila kilo niliyopika, gramu 42 za kostiki zilikosa mkia wa kushika, zikabaki ndani ya mche zikingoja ngozi ya mtu.

Siku hizi napunguza hata hapo, 5 katika kila 100, mafuta kidogo yabaki: gramu 134. Jirani nilimpelekea miche mipya na kumwomba radhi.

Ukutani nimebandika karatasi, 1:3, kwa wino mwekundu. Juzi mteja kaisoma, uso ukamkunjuka: "Kumbe nikinunua tatu napewa moja ya bure?"