Mafuta Yaliyoizamisha Saa ya Baba Mkwe

Mwaka 2012 mume wangu, askari wa jeshi la Burundi, alipokwenda kulinda amani Somalia, aliniachia saa ya marehemu baba yake. Ni Seiko 5 ya zamani, saa isiyotiwa ufunguo. Mkono wa mvaaji ukitikisika, kipande kizito cha chuma, chenye umbo la nusu duara, huzunguka ndani na kuikaza kamani. "Ivae, isisimame," aliniusia.

Niliivaa kila siku, lakini baada ya miezi michache ikawa inasimama usiku. Mimi ni mshonaji. Nilidhani kila mashine inayosita yataka mafuta. Nikafungua kifuniko kwa taabu, nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Kesho yake ikasimama kabisa. Nililia, maana mume wangu hana ukumbusho mwingine wa mzazi wake.

Nikaipeleka Buyenzi kwa fundi saa mmoja mzee. Aliichungulia kwa lenzi, akatikisa kichwa. "Mama, umeizamisha."

Akanieleza kuwa mafuta ya asili yalikuwa yamekauka kwenye egemeo la kile chuma kizito. Kwa hiyo kamani haikujaa mchana, na usiku saa ikaishiwa nguvu. Mafuta yangu nayo yalitambaa hadi kwenye utepe mwembamba unaoongoza mwendo, mizunguko yake ikagandana.

Aliifungua yote, akaosha kila kipande kwa benzini, akakausha. Kisha, kwa ncha ya sindano, akaweka mafuta ya saa, kidogo kuliko punje ya ulezi, kwenye gololi za kile chuma na kwenye ncha za ekseli: mazito kwa magurudumu ya polepole, mepesi kwa ya haraka. Meno ya magurudumu aliyaacha makavu.

Ujira wake ulikula fedha za magauni matatu. Mume wangu aliporudi nilimkiri yote. Aliiweka saa sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Inalia kama alipokuwa akiivaa Mzee."

Basi, akina mama wenzangu, saa ya namna hii ikianza kusimama usiku, msiitie mafuta nyumbani. Ipelekeni kwa fundi ioshwe, hata kila baada ya miaka mitano hivi. Na kama mwenyewe yuko safarini, ivaeni, au itikiseni taratibu kila asubuhi.